Supu ya Dakika 15 Ni Uongo, na Mimi Ndiye Niliuuza

Wasee, leo sina jipya la kuwauzia. Leo nina deni.

Kama umenifuata tangu mwaka jana, huenda unakumbuka ile video yangu ya supu ya kabichi na nyama ya ng'ombe. "Dakika 15 tu, hata kama umetoka job saa mbili usiku." Sekunde 45, muziki poa, mvuke unapanda, kijiko kinazama, nyama inaachana na mfupa bila hata kubembelezwa. Hakuna video nyingine iliyonipa wafuasi wengi vile. Kuna watu walinisimamisha kwa stage wakaniita "msee wa supu". Nikacheka, nikapiga selfie nao, nikaenda zangu.

Sasa ukweli usemwe. Ile nyama sikuichemsha mimi.

Jumapili hiyo nilikuwa nimeenda kusalimia mathe. Vile ninyi mnajua akina mama, hutoki mikono mitupu. Alinifungia nyama iliyoiva tayari, na mchuzi wake, kwa lile kopo la aiskrimu ambalo halijawahi kuona aiskrimu tangu niwe darasa la nne. Nikafika keja, nikakaanga kitunguu na nyanya, nikamwaga nyama, nikaongeza maji na kabichi, nikarekodi. Kweli, mimi nilitumia dakika 15. Lakini sufuria ya mathe ilikuwa imekaa kwa jiko la makaa tangu watu watoke kanisani hadi karibu saa kumi jioni.

Hiyo sehemu sikuisema. Sikuona kama ni uongo. Niliona ni kuhariri tu, kama vile unakata pale ulipokohoa.

Halafu miezi michache iliyopita nikapata ujumbe kwa inboksi. Sitasema ni nani wala anaishi wapi. Ni dada mmoja wa rika letu. Baba yake alikuwa ametoka hospitali, ameagizwa ale vizuri, na meno yake siyo mengi tena. Yule dada alikuwa na mia nne iliyobaki hadi mwisho wa wiki. Akanunua nusu kilo ya nyama ya mifupa, kabichi ndogo na nyanya, akafungua video yangu, akafuata kila hatua. Dakika 15, kama nilivyosema. Nyama ikatoka kama tairi.

Alichoniandikia sikukitarajia. Hakunitusi. Alisema baba alitafuna kipande cha kwanza muda mrefu, akakitoa polepole, akakiweka ukingoni mwa sahani. Kisha akamwambia binti yake, "Leo nimeshiba haraka, mama. Nitamalizia kesho." Halafu yule dada akaniuliza swali moja: "Nilikosea wapi?"

Manze, niliisoma hiyo meseji mara tatu. Hakuwa amekosea popote. Mimi ndiye niliyekosea, na yeye ndiye aliyelipa.

Kwa hivyo leo nataka kusema mambo mawili. La kwanza ni kwa sisi watu wa kontenti: tuache kuuza muda ambao haupo. La pili ni kwa wewe unayesoma hii ukiwa kwa matatu: kupika polepole ndiyo njia ya mtu aliye bize, na supu ya kabichi na nyama ndiyo mahali pazuri pa kuanzia. Nitakupa njia ya kweli, na saa zake zote. Lakini kwanza ujue ni kwa nini nyama ilikataa.

Nyama ya bei nafuu, ile ya muundi, shingo, kifua na mifupa, inatoka sehemu za ng'ombe zinazofanya kazi siku nzima. Anatembea nazo, anasimama nazo, anainamia nyasi nazo. Sehemu hizo zina kano na utando mwingi, na ndani yake kuna protini inayoitwa kolajeni. Kolajeni ni kama kamba zinazofunga nyama pamoja. Ukiipiga moto mkali kwa muda mfupi, nyuzi za nyama zinajikaza na kukamua maji yake, na zile kamba bado zipo. Hiyo ndiyo tairi. Ukiipa joto la wastani kwa saa kadhaa, kuanzia kama nyuzi 70 kwenda juu, zile kamba zinalegea pole pole na kugeuka jelatini. Jelatini ndiyo inafanya supu ishike midomo kidogo, na ndiyo inafanya supu ikipoa igande kama jeli. Hakuna viungo vinavyoweza kufanya hiyo kazi. Ni joto na muda.

Na sisi wa Nairobi tuna shida nyingine ambayo hakuna mtu alituambia. Tuko juu sana, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Huku juu hewa inasukuma maji kwa nguvu kidogo, kwa hivyo yanaanza kuchemka kwa nyuzi karibu 94, wakati Mombasa yanachemka kwa 100. Ukiona maji yanaruka-ruka kwa sufuria yako kule Kasarani, usidhani yana joto sawa na ya binamu yako kule Likoni. Ndiyo maana madondo ya Nairobi yanachukua muda kuliko ya Pwani. Sasa fikiria mtu kama mimi anakuambia dakika 15.

Kabla hujaniambia kuhusu presha kuka: najua. Presha kuka inafunga mvuke, joto linapanda kupita nyuzi 110, na nyama ile ile inaweza kulainika kwa kama dakika 40 hivi. Hiyo ni njia halali, na ukiwa nayo, tumia. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na video ya sufuria ya kawaida inayojifanya presha kuka.

Sasa nije kwa jambo lililoniuma zaidi nilipokaa chini kufikiria.

Zile saa nne nilizokata kwa video zilikuwa saa za mathe. Alikaa pale nje kwa kigoda, akipuliza jiko, akiongeza maji, akitoa povu, akimfukuza paka wa jirani. Mimi nikaja na simu, nikachukua dakika 15 za mwisho, nikaziita ujanja wangu.

Na nikianza kuangalia mtaa kwa hayo macho, naona ni vile vile kila mahali. Unaingia kibanda saa saba mchana, unaagiza chapo na madondo, unaletewa kabla hujakaa vizuri. Unasema "hapa kuna huduma fasta". Lakini yule mama aliweka maharagwe kwa moto kukiwa bado giza, wewe ukiwa unakoroma. Ile supu unakunywa kwa kikombe usiku pale kwa jamaa wa mutura, ile ya shilingi 20, imekuwa ikitokota tangu mchana. Chakula cha haraka cha Nairobi ni chakula cha polepole cha mtu mwingine. Tunalipa pesa kidogo tusione zile saa.

Sisemi usile kibandani. Mimi nitaendelea kula huko, na pengine sasa nitasema asante kwa sauti. Nasema tu kwamba mtu akikuambia "haichukui muda", muulize ni muda wa nani haujahesabiwa.

Najua pingamizi inayokuja. "Buda, wewe unafanyia kazi kwa keja. Mimi natoka Ruai saa kumi na moja asubuhi, narudi saa tatu usiku. Saa nne za kusimama jikoni nitatoa wapi?"

Hapo ndipo tumekosea wengi wetu. Saa nne za sufuria haziko sawa na saa nne zako. Nimepima, na simu mkononi, mara kadhaa: kwa supu hii, kazi yangu mwenyewe ya kukata, kukaanga na kuonja ni kama dakika 35. Muda uliobaki wote sufuria inajifanyia. Ukipika kwa haraka ndiyo unasimama hapo: unakoroga, unaongeza maji, unaogopa kuungua, unaangalia gesi inaisha. Ukipika polepole unaenda kufua nguo.

Na hili wazo halijaanza jana. Lile jiko la stima la kupika polepole ambalo Wamarekani wanapenda lina hadithi nzuri. Aliyelibuni ni Irving Naxon, na alipata hataza yake mwaka 1940. Alipata wazo kutoka kwa hadithi ya familia yake, Wayahudi kutoka Lithuania. Sabato kwao hairuhusiwi kuwasha moto, kwa hivyo Ijumaa kabla jua halijatua walikuwa wanapeleka chungu cha nyama na maharagwe kwa mwoka mikate wa kijijini, na joto lililobaki kwa tanuri lilikuwa linapika usiku kucha. Kesho yake wanachukua chakula kimeiva. Kampuni ya Rival ilinunua biashara ya Naxon mwaka 1970, na mwaka uliofuata ikaanza kuuza lile jiko kwa jina Crock-Pot. Kwa hivyo kile chombo unachokiona kwa jikoni za watu wenye pesa kilianza na watu wa kijiji waliotumia joto la tanuri ambalo lingepotea bure.

Afrika Kusini mwaka 2008, wakati stima ilikuwa inakatwa-katwa kila siku, Sarah Collins alianzisha Wonderbag, mfuko mnene wa kitambaa unaofunika sufuria ili iendelee kujipika bila moto. Ulaya wakati wa vita vya dunia watu walifanya hivyo hivyo kwa sanduku lililojazwa nyasi kavu. Na hapa kwetu? Hapa kwetu vikundi vya akina mama vimeshona majiko ya kikapu kwa miaka mingi. Pengine nyumbani kwenu kuna moja na wewe unadhani ni kikapu cha blanketi. Kwa mathe lilikuwa juu ya kabati, limejaa nguo za mitumba za watoto. Alilipata kwa chama akaacha kulitumia baada ya sisi kuhama nyumba. Nilipomuuliza kama naweza kulichukua, alinitazama kwa muda, akasema, "Kwani leo umeona lina kazi?"

Kama hamna moja nyumbani, lijenge. Unahitaji kikapu kikubwa chenye mdomo mpana, au hata katoni nzito. Nenda kwa fundi wa viti umwombe vipande vya sponji, vile anavyotupa. Panga sponji chini na kando hadi libaki shimo la ukubwa wa sufuria yako, funika kwa kitambaa au blanketi kuukuu, halafu shona mto mnene wa kuweka juu. Sharti ni moja: kusiwe na nafasi tupu. Sufuria ikae imebanwa kila upande kama abiria wa matatu ya saa moja jioni. Hakuna waya, hakuna tokeni, hakuna moshi.

Ukiwa na lile la stima, sawa pia. Nyingi hutumia kama wati 200. Saa nane ni uniti 1.6. Pasi ya wati 1,000 itamaliza hizo uniti kwa saa moja na nusu na kitu. Kwa hivyo usiogope. Kitu kimoja tu: stima ikipotea saa nyingi ukiwa hauko, na ukirudi chakula ni vuguvugu na hujui kimekaa hivyo kwa muda gani, kitupe. Inauma, lakini tumbo la kuendesha linauma zaidi.

Sasa deni lenyewe. Supu ya watu wanne, na saa zake zote mezani.

Nunua nusu kilo hadi robo tatu ya nyama ya mifupa. Mwambie wa buchari akupe muundi, na usiruhusu akuwekee steki kwa huruma. Steki ni ya kukaanga. Kwa kazi hii ya saa nyingi itakauka, na umelipa zaidi. Upate pia nusu ya kabichi ya wastani, karoti mbili, waru mbili, nyanya tatu zilizoiva, kitunguu kikubwa kimoja, saumu punje nne, kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba, hoho moja na dania.

Osha nyama na uipanguse ikauke kabisa. Weka mafuta kidogo, sufuria iwe moto, uache vipande vipate rangi ya kahawia pande zote kabla hujagusa kitu kingine. Dakika kumi hivi. Ukiona maji yamejaa, subiri yakauke. Hii rangi ndiyo ladha, na jiko la polepole haliwezi kukupa baadaye.

Toa nyama. Kwa mafuta yale yale kaanga kitunguu hadi kilegee, ongeza saumu na tangawizi, kisha nyanya. Zikishapondeka rudisha nyama, mwaga lita moja na nusu ya maji moto na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi nyingine ni ya mwisho. Ikichemka toa povu lote, weka karoti na waru, funika, punguza moto, na iache itokote kwa dakika 30. Usiibe hapa. Kikapu hakipiki chenyewe, kinahifadhi tu joto ulilolipa, kwa hivyo nyama lazima ipate moto hadi katikati kwanza. Na sufuria iwe imejaa angalau theluthi mbili, kwa sababu supu kidogo kwa sufuria kubwa inapoa haraka.

Ikiwa bado inachemka, funika vizuri, iweke kwa kikapu, bana na mto juu, nenda. Saa nne. Usifungue kuangalia. Ukifungua umeachilia joto na hulipati tena. Mimi huwa nahariri video, nafua, nalala kidogo kama ni Jumapili. Kwa jiko la stima, weka kila kitu kwa moto wa chini saa nane, kwa hivyo hiyo ndiyo ya yule msee wa Ruai.

Na kabichi iko wapi? Hapa nina maoni makali. Mapishi mengi ya ng'ambo yanakuambia uitupe kwa sufuria tangu mwanzo. Mimi nakataa. Kabichi ina kemikali zenye salfa, na kadri inavyokaa kwa moto ndivyo zinavyoachilia ile harufu unayoijua. Ndiyo, ile. Ya dining ya shule, wiki ya sita ya muhula. Hatukuchukia kabichi sisi, tulichukia kabichi iliyopikwa tangu alfajiri ikangojea lanchi. Kabichi ni mboga tamu, tulionyeshwa tu upande wake mbaya.

Kwa hivyo baada ya saa nne toa sufuria, irudishe kwa moto hadi ichemke kabisa. Hii pia ni ya usalama: chakula cha kikapu kichemshwe tena kabla ya kuliwa, kila mara. Usikiache kwa kikapu kupita saa tano, kwa sababu kikishuka chini ya nyuzi 60 wadudu wa tumbo wanaanza sherehe. Ikichemka tia kabichi uliyokata vipana, siyo nyembamba kama ya kachumbari, pamoja na hoho. Dakika saba hadi kumi tu. Iwe laini lakini ibaki na uti wa mgongo. Onja, ongeza chumvi, nyunyiza dania, zima.

Na ukiongeza maharagwe mekundu, yachemshe kwanza kwa nguvu kando, angalau dakika 10 baada ya kuloweka na kumwaga maji. Yakiwa mabichi yana sumu ambayo joto dogo haliui. Hili halina utani.

Nikijumlisha: dakika 35 zangu, gesi ya chini ya saa moja na nusu, na saa nne za sufuria. Jumla ni kama saa tano na nusu tangu nianze hadi sahani. Hiyo ndiyo namba niliyopaswa kuwaambia mwaka jana. Haivutii kwa kichwa cha video, najua. Lakini kabla ya kikapu mtungi wangu wa kilo 6 ulikuwa unaisha wiki tatu hivi, na sasa unafika ya tano. Kwa sababu nyama ya mifupa na kabichi ndizo vitu vya bei ya chini kwa buchari na kwa mama mboga, sufuria hii inalisha watu wanne kwa pesa ambayo ingetununulia chipsi kuku ya mtu mmoja na nusu. Sina friji, kwa hivyo napika ya siku hiyo na nyingine inaenda kwa jirani. Tangu nianze hivyo, jirani ananipokelea vifurushi, na sijawahi kumwomba.

Wenzangu wa kontenti, hili ni letu. Sisemi kila video iwe ya saa tano. Kukata ni kazi yetu. Lakini kuna tofauti ya kukata picha na kukata ukweli. Andika tu kwa kona: "Hapa imepita saa nne." Ni maneno manne. Kama nyama ilichemshwa na mamako, sema ni mamako. Watu wanaotutazama hawana pesa ya kufanyia majaribio. Kuna mtu mahali anashika mia nne yake ya mwisho na anatuamini sisi kuliko anavyoamini mikono yake mwenyewe. Tukimdanganya, hatujui. Anajilaumu kimya kimya, anasema labda mimi sijui kupika.

Ile video nimeitoa. Ndiyo, na zile namba zake zote. Imeniuma kidogo, sitajifanya. Mpya iko juu, ni ndefu, na mathe yuko ndani. Alikataa kuonekana uso, akasema nirekodi mikono tu. Kwa hivyo ile mikono inayotoa povu ni ya mathe, na wakati huu nimesema.

Yule dada nilimtumia haya yote kabla sijayaandika hapa, pamoja na pesa ya nyama, maana deni ni deni. Sikutaka anisamehe hadharani wala anipigie debe. Wiki ikapita kimya. Nikasema sawa, ana haki yake.

Jumatatu akaandika: "Amekula yote. Amesema umezidisha chumvi."

Kwa hivyo nimerudi juu nikasahihisha. Nusu kijiko cha chai mwanzoni, nyingine uonje mwisho. Mzee amesema.